Mgeni wa Babu

Miongozo niliyosoma ilishauri nianze na mchezo mwepesi. Sikuwa na muda huo. Wachezaji wenzake babu wa barazani wamezikwa wote, na kanuni zake za bao hazijaandikwa popote.

Faili la kwanza lilikuwa jepesi: mistari michache ya Python, na bao likageuka orodha ya namba 32. Kila upande nyumba ikapata kete 6, mashimo mawili ya kuliani kwake mbilimbili, na 22 zikabaki mkononi. Jumla 64.

Kazi ilikuwa namua. Unapokula, kete ya mwisho ikiangukia nyumba yako, una hiari: ulale hapo au uende safari. Kwa mtu ni kufumba na kufumbua. Kwa programu, hatua moja inapasuka kuwa mbili, na kila moja lazima ifuatwe hadi mwisho. Nikimwuliza babu alale lini, hajibu kwa maneno. "Lete bao." Anacheza, naandika. Mkono unatetemeka siku hizi, kete zinamponyoka. Hesabu haimponyoki.

Mchezaji wangu wa kwanza achagua ovyo tu miongoni mwa hatua halali. Nilimsomea babu hatua zake kutoka kwenye kioo, nikamsogezea kete. Alimfunga mara nne mfululizo, akacheka hadi akakohoa.

"Hajui kitu huyu," akasema, akizirudisha kete mashimoni. "Kesho mlete mapema."