Zamu ya Aliyepotea

Katika mashamba ya maweni ya Makunduchi mkulima hupanda muhogo na mtama kwenye udongo haba uliomo kati ya mawe. Nguruwe mwitu huweza kuiangamiza jasho la msimu mzima kwa usiku mmoja. Ndiyo maana mjomba wangu alifuga mbwa watatu shambani.

Mwaka jana mmoja alipotea. Alitafutwa siku mbili, kisha akasahauliwa na watu. Wenzake hawakumsahau. Zamani walilala kila mmoja pembe yake na kugombania chakula. Sasa hulala ubavu kwa ubavu penye pengo la ukuta, pale alipokuwa akilala mwenzao. Akiinuka mmoja, wa pili huinuka. Liite huzuni au mazoea; zamu ya aliyepotea haikubaki wazi.

Twaijua hukumu ya najisi: kuosha mara saba, mara moja kwa udongo. Lakini Qurani, katika Sura ya 5, imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa, na katika Sura ya 18 imemtaja mbwa wa watu wa pangoni, aliyenyoosha miguu kizingitini. Tohara haijawa ruhusa ya dharau.

Kwenye semina twazungumzia usalama wa chakula, ilhali walinzi wa chakula hicho hatuwahesabu. Maofisa wetu, mbwa wa shamba naye aorodheshwe na achanjwe dhidi ya kichaa. Wao kwa wao wameshahesabiana.