Mwerezi wa Mulanje: Mti Uliopotea Ndani ya Jina la Mwenzake

Msafiri atokaye Blantyre, mji wa biashara wa nchi jirani ya Malawi, akielekea kusini-mashariki, hupita kwanza katika mashamba ya chai yaliyotandikwa kama mkeka wa kijani. Baada ya mwendo usiopungua kilometa 60 huuona mbele yake ukuta wa mawe ukisimama ghafla kutoka katika nchi tambarare. Huo ndio Mlima Mulanje, karibu kabisa na mpaka wa Msumbiji. Kilele chake, Sapitwa, kina meta 3,002, na hakuna kilele kingine nchini Malawi kinachokifikia. Wenyeji hulifasiri jina hilo kuwa ni mahali pasipoendeka, na wazee wa Kiyao, Kimang'anja na Kilomwe wameuheshimu mlima huo tangu zamani kuwa ni makao ya mizimu.

Mulanje si mlima wa kilele kimoja. Juu yake mna nyanda pana za majani, kama vile Lichenya, Chambe na Sombani, zinazokatwa na mabonde marefu yenye vijito vya maji baridi. Katika miezi ya kipupwe ukungu na manyunyu, ambayo wenyeji huyaita chiperoni kwa jina la mlima ulioko upande wa Msumbiji, huufunika mlima kwa siku nyingi mfululizo. Katika mabonde hayo ya juu, yapitayo meta 1,500, ndimo ulimozaliwa mti ambao kwa asili hauoti mahali pengine popote duniani. Wamalawi huuita mkungudza. Wageni huuita mwerezi wa Mulanje.

Mti huo ukiachwa utimize umri wake hunyooka hadi kupita meta 40. Mbao zake hunukia vizuri, hulainika chini ya randa, na wala mchwa wala kuvu haviziwezi kwa urahisi. Kwa sababu hiyo zilitafutwa sana kwa kujengea nyumba, kuundia mashua za Ziwa Nyasa, na kutengenezea masanduku ya nakshi ambayo wageni huyanunua kuwa kumbukumbu. Katika mwaka 1984 mti huo ulitangazwa kuwa mti wa taifa la Malawi.

Hata hivyo mwerezi wa Mulanje si mwerezi. Mwerezi wa kweli ni ule wa Lebanoni utajwao katika vitabu vitakatifu, nao ni wa ukoo mwingine, ukoo wa misonobari. Mti wa Mulanje ni wa ukoo wa saiprasi, ukoo ule ule wa mwangati unaoota katika milima ya Usambara. Wataalamu wa mimea huuita Widdringtonia whytei. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ilitolewa na Endlicher mwaka 1842 kwa heshima ya Widdrington, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyependa kuchunguza miti ya jamii hiyo. Sehemu ya pili ni ya Alexander Whyte, aliyepanda Mulanje mwaka 1891 na kuchukua matawi na matunda yake. Mwaka 1894, huko London, Rendle aliandika sifa zake na kuutambulisha rasmi kwa wataalamu wa dunia.

Lakini mti huo una ndugu. Katika mlima huo huo huota mti mwingine wa jamii yake, Widdringtonia nodiflora, ambao umeenea tangu milima ya Afrika Kusini hadi Malawi. Majani ya miti hiyo miwili yanafanana, na matunda yao yote hupasuka katika vipande vinne. Basi kwa miaka mingi wapo wataalamu walioihesabu kuwa mti mmoja, na wapo waliobisha. Ilikuwa hadi mwaka 1997 ndipo Pauw na Linder walipochapisha uchunguzi wao na kuonyesha wazi kwamba ni miti miwili iliyo mbali mbali.

Tofauti kubwa kati yao hudhihirishwa na moto. Nodiflora mara nyingi ni kichaka chenye mashina mengi, kinachoota katikati ya majani na mawe. Moto ukipita, kichaka huungua, kisha shina huchipua tena kutoka chini. Whytei ni mti mrefu wa shina moja unaoishi katika mabonde ambamo moto hufika kwa nadra. Ukiungua sawasawa hufa, na ukikatwa hauchipui. Tumaini lake lote limo katika mbegu. Tena miche yake hukataa giza la msitu mnene, bali huhitaji mahali palipofunguka na kupata jua. Kwa hiyo moto wa mara moja kwa muda mrefu waweza kuufungulia nafasi, lakini moto wa mara kwa mara huimaliza miche kabla haijazaa mbegu.

Huenda msomaji akauliza kuna faida gani kubishana juu ya majina. Na afikirie kikosi chenye askari wawili wa jina moja, ambao karani amewaandika katika mstari mmoja. Siku mmoja wao atakapopotea, daftari halitaonyesha pengo lolote. Ndivyo ilivyokuwa kwa mti huu. Ulipohesabiwa pamoja na nduguye aliyeenea hadi Afrika Kusini, ulionekana kuwa mti wa kawaida. Ulipopewa mstari wake wenyewe, ilidhihirika kwamba ulikuwa na mlima mmoja tu duniani, na kwamba mlima huo ulikuwa ukiishiwa.

Maana shoka halikungoja wataalamu wapatane. Mulanje ilifanywa msitu wa hifadhi mwaka 1927, lakini uhaba wa kazi na bei nzuri ya mbao viliwavuta watu kupanda mlima. Wapagazi waliteremka katika njia za mawe yanayoteleza wakiwa na mbao ndefu vichwani. Aidha mwaka 1986 vilionekana nchini Malawi vidukari wanaofyonza utomvu wa miti ya ukoo wa saiprasi. Wadudu hao walifika Tanzania mwaka 1988 na Kenya mwaka 1990, wakaharibu mashamba mengi ya saiprasi. Pamoja na hayo palikuwa na mioto iliyowashwa na wawindaji na wakulima wa mabondeni. Kufikia mwisho wa miaka ya 2010 miti mikubwa ya mkungudza ilikuwa imetoweka karibu yote.

Jitihada za kuuokoa zinaendelea. Mwaka 2000 uliundwa mfuko maalumu wa kuhifadhi Mlima Mulanje, na tangu mwaka 2016 idara ya utafiti wa misitu ya Malawi, mfuko huo na wataalamu kutoka nje wamefanya kazi pamoja na wanavijiji. Katika vitalu vilivyo kandokando ya mlima, akina mama na akina baba huotesha mbegu, hutunza miche na kulipwa kwa kazi hiyo, kisha miche hupandishwa mlimani kwa maelfu. Hufyekwa pia vipande vya ardhi vya kuzuia moto. Mwaka 2025 shirika la UNESCO liliuingiza mlima huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Mti huu hukua polepole. Mtoto anayebeba mche leo atakuwa mzee kabla mti huo haujafaa kwa ubao. Hata hivyo mama wa kitaluni anayenyunyizia miche yake maji asubuhi anajua sasa ni mti gani alio nao mkononi, anajua unaogopa nini na unahitaji nini. Tangu Whyte alipopanda mlima, zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla ya jambo hilo kukubaliwa. Katika miaka hiyo mti uliosahauliwa katika hesabu ulikatwa kana kwamba upo kila mahali.