Hodi ya Moyo

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na kalamu moja tu. Ncha yake ilipata moto na kuchoma mstari mweusi juu ya utepe wa karatasi yenye miraba midogo. Ukiisahau bila kuizima, ilitoboa karatasi, na chumba kizima kikanuka kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Ilikuwa mwaka 1988, nami nilikuwa muuguzi mpya katika hospitali moja ya mkoa, pwani ya Tanzania. Nilitolewa wodi ya wanaume nikapelekwa chumba cha mwisho wa korido, jirani na stoo ya mashuka. Mlangoni palibandikwa maandishi: KIPIMO CHA MOYO. Watu waliokuwa wakizungumza kwa sauti njia nzima walipofika hapo walinyamaza.

Kabla ya kuwasha mashine, sharti uzime feni. Feni ikizunguka, umeme wake uliingia kwenye nyaya na mstari ukaota meno kama msumeno. Kwa hiyo tulipima watu katika joto, joto likaleta jasho, na jasho likafanya kikombe cha mpira kiteleze kifuani. Jeli nayo iliisha mara kwa mara. Hapo tulichovya pamba kwenye maji ya chumvi tukaibana chini ya mabamba ya chuma, mikononi na miguuni. Niliuonea aibu ufundi ule wa kubangaiza, mpaka siku niliposoma habari za Willem Einthoven, Mholanzi wa mji wa Leiden aliyetengeneza mashine iliyofungua njia ya kipimo hiki mwanzoni mwa karne ya 20. Watu aliowapima waliketi wametumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1924. Tangu siku hiyo nilichovya pamba yangu bila kuona haya.

Aliyenifundisha alikuwa fundi aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Sote tulimwita Babu. Hakunipa kitabu. Alitandaza utepe mezani, akaubana kwa mkasi upande mmoja na kikombe cha chai upande wa pili.

"Mwanangu, moyo ni nyumba ya watu wenye adabu. Hakuna anayeingia bila hodi."

Akaniwekea kidole kwenye kilima kidogo cha kwanza, kile kinachoitwa P. Hiyo ndiyo hodi: umeme unapita katika vyumba viwili vya juu vya moyo. Mstari ukanyooka kidogo, maana mgeni anangoja barazani. Kisha ukaja mwiba mrefu, QRS: mlango umefunguliwa, vyumba vya chini vinaminya na damu inatoka kwenda mwilini. Mwisho kilima kipana, T: wenyeji wameketi, wanajiweka tayari kwa hodi nyingine.

Hesabu alinifundisha kwa dakika tano. Karatasi hukimbia milimita 25 kwa sekunde, hivyo mraba mdogo ni sekunde 0.04 na mkubwa ni sekunde 0.2. Hesabu miraba mikubwa kati ya mwiba na mwiba, kisha gawa 300 kwa idadi hiyo. Ikiwa mitatu, moyo unapiga mara 100 kwa dakika. Ikiwa mitano, mara 60. Lakini alichokirudia kila wiki hakikuwa hesabu. "Utepe huu ni wa sekunde chache," alikuwa akisema. "Moyo wa mtu hupiga kama mara laki moja kwa siku. Muulize mwenyewe hizo nyingine zilikwendaje."

Nilimwelewa nilipokosea. Nyaya za viungo ni nne: nyekundu mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Asubuhi moja, foleni ikiwa imefika getini, alikuja binti aliyetakiwa kupima afya ili aanze kazi. Nikampima haraka. Karatasi ikatoka imepinduka: katika mstari wa kwanza hodi ilitazama chini, na mwiba nao chini. Daktari kijana akasoma akamwambia mama wa binti kwamba huenda moyo wa mwanawe umekaa upande wa kulia. Wakaenda nyumbani na neno hilo.

Siku ya pili Babu aliichukua ile karatasi, akatazama mistari ya kifuani, akaona inakua vizuri kutoka upande wa kulia kwenda kushoto kama ya mtu yeyote. Moyo uliokaa kulia hauchori hivyo. Aliniuliza jambo moja tu: "Nyekundu uliiweka wapi?" Nilikuwa nimebadilisha nyaya za mikono. Tulimtuma mtu awaite. Mama yule aliingia macho yamevimba. Ndugu walikwisha kukusanyika, na shangazi mmoja alikwisha kutaja uchawi. Nikampima tena binti, kisha nikamshika mama mkono nikauweka kifuani pa mwanawe, chini ya titi la kushoto, ausikie mwenyewe unavyodunda. Nikamwomba radhi. Hajawahi kunitoka akilini yule mama. Tangu hapo, kabla ya kubonyeza kitufe nilitaja rangi kwa sauti, hata wanafunzi wangu wakanicheka.

Kadiri miaka ilivyokwenda nilijifunza kuwa wagonjwa wana karatasi zao midomoni. Huyu husema moyo unakwenda mbio, yule moyo unashtuka, mwingine moyo unachoka. Anayesema analala ameegemea mito mitatu, akilala chali anakosa pumzi, huyo sikungoja mashine. Nilimtazama miguu kama imevimba. Tulipata kina mama waliojifungua mwezi mmoja au miwili nyuma, wakaambiwa nyumbani kuwa uvimbe na kuhema ni uchovu wa uzazi, kumbe moyo umetanuka na kulegea.

Kwa wale wa moyo kwenda mbio nilikuwa na kipimo kisicho na umeme. Niliwaambia wagonge mezani kwa kidole, vile moyo unavyofanya ukianza. Mmoja hugonga haraka, sawasawa kama cherehani, akasema humwanza ghafla na kumwacha ghafla kama mtu aliyezima swichi. Hapo nilishuku hitilafu katika nyaya za moyo wenyewe. Mwingine huanza polepole na kutulia polepole, na ukimchunguza utakuta homa, upungufu wa damu au hofu. Siku moja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkulima, aligonga bila mpango wowote: miwili, kimya, mitatu ya haraka, kimya kirefu, mmoja.

"Sista, ni kama ngoma ya mdundiko," alisema, "ila mpigaji amelewa."

Karatasi yake haikuwa na hodi hata moja. Mahali pa vilima vya P palikuwa na mtetemo tu, na miiba ilitokea popote ilipotaka. Vyumba vya juu havikuwa vikiminya, vilikuwa vinatetemeka, na damu inayozubaa humo huweza kuganda, donge likapanda kichwani na kuleta kiharusi. Nilipomuuliza utoto wake, alikumbuka koo lililouma mara kwa mara, kisha magoti kuvimba, moja likipoa jingine likianza. Picha ya moyo ilionyesha valvu iliyokakamaa. Koo la mtoto lisilotibiwa lilikuwa limemngojea miaka ishirini na zaidi. Kila nikimwona mzazi anampa mtoto mwenye koo asali na ndimu peke yake, namkumbuka mpigaji yule mlevi.

Halafu kuna dalali wa samaki. Alikuja saa nne asubuhi, mtu wa miaka hamsini na tano hivi, kashika chembe ya moyo. "Mimi tumbo tu hili, sista. Vidonda vyangu vya siku zote." Alikwisha kunywa dawa ya kiungulia mara mbili. Nikampima, karatasi safi. Daktari wa zamu akaandika kuwa iko sawa, mgonjwa akaanza kufunga vifungo vya shati. Nikaenda kufuta kitanda. Mpira wa godoro ulikuwa na dimbwi, umbo la mgongo wa mtu. Siku ile mvua ilinyesha, na chumba kilikuwa baridi.

"Mzee wangu, hebu rudi ulale kidogo."

Nilimpima tena bila kuagizwa, dakika ishirini baada ya kile cha kwanza. Safari hii, katika mistari inayotazama upande wa chini wa moyo, baada ya mwiba mstari haukurudi chini. Ulibaki juu kama paa la banda. Mshipa unaolisha moyo ulikuwa umeziba, na sehemu ile ya chini ya moyo ikiumia, maumivu yanaweza kujificha tumboni. Daktari alikuja mbio, akamtafunisha aspirini, gari likaitwa. Alipona, ingawa makasha ya barafu hakuyanyanyua tena. Nilichobaki nacho ni kwamba karatasi ya kwanza haikuwa na kosa. Ilipigwa mapema mno. Maumivu ya kubana yanayofuatana na jasho la baridi, yakipanda taya au kushuka mkono, hayamalizwi na karatasi moja safi. Na kwa wanawake na wenye kisukari huweza kuja bila maumivu, pumzi fupi na uchovu tu.

Mashine za kisasa zilipofika tuliacha kukata tepe kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi. Zilichora mistari yote 12 kwa sekunde 10, na juu zikaandika majibu kwa Kiingereza. Hapo likazuka balaa jipya: watu walisoma majibu kabla ya daktari. Kijana mmoja mcheza mpira, mwembamba, mzima kama kigongo, alikataliwa kazi ya ulinzi kwa sababu mashine iliandika kuwa moyo wake si wa kawaida. Mstari wake baada ya mwiba ulinyanyuka kidogo, jambo tunaloliona sana kwa vijana wa Kiafrika wenye afya, hasa wanamichezo. Mashine ilipima milimita bila kujua umri wake wala kwamba hana dalili yoyote. Ilihitaji barua ya bingwa kuisahihisha.

Lakini karatasi ikiwa na la kusema, husema kwa ukali. Mwaka 2017 aliletwa mzee aliyezimia msikitini mara mbili. Nilihesabu hodi 90 kwa dakika na miiba 30. Hodi zilipigwa, hakuna aliyeitikia. Mlango ulijifungulia kwa wakati wake. Alipelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi mwaka 2015, akawekewa betri ya moyo. Miaka ile ya kalamu moja ningemchora vizuri tu, kisha tukamwombea dua.

Nilistaafu 2022. Sasa wananifuata barazani na karatasi zao, wengine na picha kwenye simu. Juzi alikuja jirani, mwalimu wa shule ya msingi, amekasirika. "Wanasema sina kitu. Basi mimi mwongo?" Niliichukua karatasi yake, nikaikunja bila kuitazama, nikaiweka chini ya birika la kahawa.

"Gonga, mama."

Akagonga sawasawa, kisha mmoja ukawahi, pakafuata kimya, halafu mmoja mzito. Humjia usiku akilala. Nikamuuliza kama amewahi kuzimia, kama kifua humbana akipanda ngazi, kama yuko ndugu aliyekufa ghafla angali kijana. Hapana, hapana, hapana. Usingizi je? Analala saa nne tu, na hunywa chai ya rangi kali mpaka saa tano usiku. Nikamwambia huenda ni mgeni anayepiga hodi kabla ya wakati, na wageni wa namna hiyo humtembelea karibu kila mtu. Ila arudi kwa daktari, amgongee mezani kama alivyonigongea mimi, aulizie kipimo kinachovaliwa mchana na usiku.

Ndipo nikaikunjua karatasi. Miiba 12, kila mmoja na hodi yake mbele. Sekunde 10 safi kabisa.

"Haijakuita mwongo," nilimwambia. "Mgeni alipokuja, yenyewe haikuwepo."