Kompyuta ya sinema kwa laki tatu na nusu, Mwanjelwa

Najua nimekuwa mtoro humu, mpaka wengine wakanitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani. Nipo hapa hapa Iyunga, test mbili zimeshapita na ya tatu inanukia. Kilichonila muda ni kazi moja ya nyumbani kule Mwanjelwa, na leo naimwaga yote, maana pale hosteli kila nikikutana na mtu ni swali lile lile: eti kweli umeunda kompyuta ya sinema kwa laki tatu na nusu? Ni kweli. Ila si yangu, ni ya mjomba.

Wenye umri wa mjomba pale mtaani wanamjua kwa banda la video. Alianza miaka ya tisini, deki moja, televisheni ya chogo, mabenchi na turubai. Kumbukeni Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973 lakini sisi wa Bara tumeanza 1994, tena ikianzia Dar, kwa hiyo mwenye deki mikoani alikuwa mtu mkubwa. Baadaye zikaja muvi zilizotafsiriwa na Lufufu, mjomba akawa hana habari tena na za Kiingereza tupu. Anamwiga Lufufu mpaka kikohozi. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, kanda zake karibu zote zilikuwa kwenye kibanda alichokodi sokoni. Zikaenda. Tangu hapo akageukia mchele na mkewe, na banda likabaki hadithi.

Mwaka juzi akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havifanyi kazi, na maneno yanatoka machache machache. Anashinda sebuleni. King'amuzi kikiisha malipo, na kinaisha mara nyingi kuliko kinavyolipwa, anakaa anatazama ukuta tangu asubuhi mpaka mkaza mjomba arudi sokoni jioni. Mimi nikienda Jumamosi namkuta vile vile. Nikisema "Ugonile, mjomba", ananyanyua mkono wa kushoto basi.

Siku moja mkaza mjomba akaniuliza mbele yake: "Wewe si unasoma mambo ya kompyuta? Hakuna namna huyu akaona sinema zake bila kulipia kila mwezi?" Nikasema ipo. Kesho yake akaniletea 350,000. Akaniambia taratibu, "Hiyo ni gunia mbili za mchele, mwanangu. Ikipotea, msimu huu nauza za watu." Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Pesa ya bumu nikiila vibaya nalala na njaa mwenyewe, lakini huu ni mtaji wa nyumba nzima.

Sasa tuje kwenye vitu. Wengi mtasema si angenunua kile kiboksi cha Android, hata laki haifiki. Nimevishika vile. Kwenye boksi kimeandikwa ramu nyingi, ukikifungua unakuta nusu ya kilichoandikwa, na kikifa hakuna cha kutengeneza, unatupa. Kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini ni kitu kingine kabisa. Imeundwa ikae imewashwa kutwa nzima kwa miaka, na kila kipande chake unakipata dukani.

Pale Mwanjelwa na Kabwe mashine ziko za aina mbili. Kuna yale makasha ya HP ya zamani yenye i5 ya kizazi cha pili, bei poa, mazito kama tofali. Na kuna vile vidogo vinavyotosha kwenye kiganja kama kamusi, vya kizazi cha sita, bei juu kidogo. Muuzaji alinisukumia lile kubwa, "i5 hiyo broo, hii ndogo ni i3 tu." Hapa naomba msikilize vizuri wanaotaka kuiga. Kwa muvi, namba ya i si hoja, hoja ni kizazi. Muvi nyingi za siku hizi zimebanwa kwa H.265 ili ziwe ndogo. Prosesa za Intel za kizazi cha sita, zilizotoka 2015, zina sehemu maalumu ndani ya chipu inayofungua H.265 ya kawaida bila jasho. Ya kizazi cha pili inaijua H.264, lakini hiyo nyingine inabidi prosesa nzima iikokotoe kwa nguvu, feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga na mita ya LUKU inakimbia. Kwenye karatasi lile kubwa limepangiwa wati 95 kwa prosesa peke yake, hiki kidogo wati 35. Nikachukua kidogo: Dell OptiPlex 3040 Micro, i3-6100T, ramu giga 4, bila diski, 190,000 baada ya mabishano ya saa nzima. Jambo jingine lililonivuta, kina tundu la HDMI mgongoni. HP nyingi za ukubwa huo zina DisplayPort na VGA tu, hapo unaongeza gharama ya kigeuzi.

Msinunue mtumba bila flashi mfukoni. Nilienda na flashi yenye Linux Mint, nikaiwasha mashine pale pale kaunta, nikasikiliza feni, nikajaribu kila tundu la USB, sauti, picha. Jamaa alikuwa ananuna lakini akavumilia. Diski ya mtumba nayo, tera moja ya laptopu, niliisoma afya yake kwa smartctl kabla ya kutoa hela. Angalieni idadi ya sekta zilizohamishwa. Ikiwa sifuri, nunua. Ikiwa na namba yoyote, rudisha, hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake. Ya kwanza ilikuwa na namba, ya pili pia. Ya tatu ikawa safi, nikatoa 55,000.

Hesabu yote hii hapa, kwa wale wanaopenda kupekua: mashine 190,000, SSD mpya ya giga 120 kwa ajili ya mfumo 40,000, diski ya muvi 55,000 na kasha lake la USB 12,000, kebo ya HDMI 8,000, rimoti yenye kipokeo cha USB 25,000, waya wa kupeleka sauti kwenye sabufa 3,000, betri ya CR2032 elfu moja. Jumla 334,000. Runinga ya inchi 32 ilikuwepo, sabufa ilikuwepo. Chenji 16,000 nikamrudishia mkaza mjomba mkononi, akaihesabu mara mbili.

Hiyo betri msiidharau. Mashine za mtumba nyingi zinakuja na betri iliyokufa, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka na mipangilio yote inafutika. Na huku umeme kukatika si jambo la kushangaza. Kwenye BIOS ya Dell kuna kipengele cha AC Recovery, nikakiweka iwake yenyewe umeme ukirudi. Hapo mjomba hahitaji kuinuka kwenda kubonyeza kitu. Ila chaja iwe ya Dell kweli. Ukichomeka isiyotambulika, mashine inasimama mwanzoni inakuomba ubonyeze F1, sasa nani atambonyezea mjomba F1 saa nne asubuhi peke yake?

Programu ni LibreELEC, ya bure. Ni Linux iliyokatwa kila kitu ikabaki kuwasha Kodi tu. Kodi yenyewe wazee wa zamani waliijua kama XBMC, ilianzia kwenye Xbox, ikabadilishwa jina mwaka 2014. Unawasha, haifiki nusu dakika, picha za muvi zimejipanga kama kwenye ubao wa banda. Haina Windows ya kuuliza maswali wala kujisasisha katikati ya ngumi.

Kazi iliyonitoa jasho ilikuwa rimoti. Ina vitufe zaidi ya arobaini, na mjomba ana mkono mmoja, tena ule ambao hakuzoea kuutumia. Akigusa vibaya anajikuta kwenye mipangilio na hawezi kurudi. Kodi inaruhusu ubadilishe kila kitufe kwa faili dogo linaloitwa keyboard.xml, nami nikaviua vyote kwa neno "noop", nikabakiza saba: juu, chini, sawa, rudi, simamisha, na viwili vya sauti. Cha kuzima nikakiua pia. Hivyo saba nikavipaka rangi ya kucha nyekundu ya binti yake, ambaye bado ananidai chupa. Rimoti ya runinga nikaifunga plasta yote nikaacha kitufe cha kuwasha. Wiki ya kwanza nilikuwa naenda kila jioni kwa daladala kumwangalia anavyokosea, kisha narekebisha. Kwa mfano, aligandamiza "sawa" kwa muda mrefu sana, menyu nyingine ikafunguka, nikaiua hiyo nayo.

Na muvi? Mkaza mjomba alikuwa ameficha boksi chini ya kitanda, DVD za kina Kanumba na Mzee Majuto, na VCD zilizotafsiriwa zilizonusurika kwa sababu siku ya moto zilikuwa zimeazimwa. VCD picha yake ni 352 kwa 288, kwenye inchi 32 ni kama unaangalia kupitia chandarua. Muvi moja inakaa kwenye diski mbili. Ukiyaita mafaili jina moja halafu mwishoni cd1 na cd2, Kodi inaziunga zinakuwa muvi moja, haina haja ya kuinuka kubadilisha. Diski sita zilikuwa na mikwaruzo, nne nikaziokoa kwa dawa ya meno na subira, mbili zimegoma mpaka leo. DVD niliziminya kwa HandBrake, kila moja ikashuka kutoka giga nne na kitu hadi karibu moja.

Sauti ilisumbua. Muvi zenye chaneli sita zikishushwa kwenye sabufa, milipuko inapasua masikio na watu wanaongea kama wapo chooni. Dawa: muvi ikiwa inacheza, ingia kwenye mipangilio ya sauti, pandisha ukuzaji kwa desibeli sita hivi, halafu iweke kuwa ya muvi zote. Za Lufufu hazihitaji, yeye anasikika hata genereta likiwa linaunguruma.

Jumapili iliyopita nilifika bila taarifa. Mlangoni viatu kama kumi na mbili vya watoto. Ndani giza, pazia limeshushwa, mjomba kwenye kiti chake, rimoti mapajani, ya kichina ya kung fu isiyotafsiriwa inacheza, na sauti ameizima kabisa. Anatafsiri mwenyewe. Maneno mawili, anapumzika, matatu, anapumzika, mengine hayaeleweki, na pale anapokwama watoto wanamalizia kwa kelele. Aliponiona akanyanyua kidole cha mkono wa kushoto kuonyesha benchi: kaa nyuma, unaziba.

Mkaza mjomba jikoni ananiuliza kama mashine inaumia watoto wakiwa wengi. Nikamwambia haiumii. Akasema basi wiki ijayo anaanza kuwauzia maandazi.

Diski imebakiza giga 300. Mwenye VCD za zamani zilizotafsiriwa, hata zenye mikwaruzo, aniletee chumbani, nitamrudishia pamoja na nakala kwenye flashi yake. Ngoja nikimbie, test ni saa mbili asubuhi na sijafungua daftari.