Mtaalamu Aliyeupenda Ukweli Kuliko Maoni Yake



Mara nyingi katika mafundisho mnaniuliza kama mtu wa imani anaweza kuwa pia mtu wa sayansi. Swali hilo ni jema, na jibu lake ni ndiyo. Lakini liko swali jingine linalotugusa kwa karibu zaidi: je, mtu wa imani yuko tayari kuyaacha maelezo yake mwenyewe siku ukweli unapoyakataa? Nitawasimulia habari za mtafiti mmoja wa ubongo, kisha nitawaonyesha kwa nini maisha yake yanahusu mitaa na vijiji vyetu.

John Carew Eccles alizaliwa mwaka 1903 mjini Melbourne, katika nchi ya Australia. Baba yake alikuwa mwalimu, na mama yake pia. Mimi niliyesomea ualimu siwezi kulipita jambo hilo bila kulitaja. Alisomea udaktari, na mwaka 1925 akaenda Oxford, Uingereza, kuwa mwanafunzi wa Charles Sherrington, bingwa wa elimu ya neva wa nyakati zile. Tangu ujana wake alisumbuliwa na fumbo moja: mwili na akili ya mtu vinakutana wapi? Ili kulikaribia fumbo hilo alichagua swali dogo linaloweza kupimwa: seli moja ya neva huipashaje habari seli ya pili?

Hapa inafaa nieleze kidogo. Kila seli ya neva imezungukwa na utando mwembamba mno. Katika utando huo mna milango midogo isiyoonekana kwa macho, nayo hupitisha chembe zenye umeme ziitwazo ayoni: za sodiamu, za potasiamu, za kloridi. Sodiamu na kloridi ni zile zile zilizomo katika chumvi tunayotia katika mboga. Milango ikifunguka, ayoni huingia au hutoka, na umeme mdogo husafiri kando ya neva. Ndivyo unavyoinua mkono. Ndivyo unavyokumbuka jina la rafiki. Lakini kati ya seli na seli mna ufa mwembamba. Habari huuvukaje?

Wataalamu waligawanyika. Eccles alishikilia kwamba umeme wenyewe unaruka ufa huo. Mwingereza Henry Dale na wenzake walisema kwamba seli ya kwanza humwaga dawa fulani, na dawa hiyo ndiyo inayoifikia seli ya pili. Walibishana kwa miaka mingi, tena kwa ukali mbele ya watu, katika mikutano ya wataalamu. Hata hivyo hawakuwa maadui. Nje ya mkutano urafiki wao uliendelea. Jambo hilo peke yake lingetosha kuwa funzo kwa vikundi vyetu, ambamo ubishi wa jioni moja huweza kuvunja kwaya nzima.

Mwaka 1944 Eccles alihamia Dunedin, katika nchi ya New Zealand. Huko alifahamiana na mwanafalsafa Karl Popper, aliyekuwa akifundisha katika mji wa Christchurch. Popper alimfundisha kwamba si aibu kwa mtafiti maelezo yake yakianguka. Wajibu wake ni kuyatamka waziwazi, kusema ni jambo gani likionekana litayabomoa, kisha kulitafuta jambo hilo kwa nguvu zake zote. Maelezo yasiyoweza kubomolewa na chochote si ya kisayansi, hata yakipendeza namna gani.

Eccles alilishika shauri hilo. Mwezi wa 8 mwaka 1951, pamoja na wenzake Brock na Coombs, aliingiza mrija wa kioo, mwembamba kupita unywele, ndani ya seli moja ya uti wa mgongo wa paka. Alitaka kupima yanayotokea seli hiyo inapoamriwa kunyamaza. Ikiwa maelezo yake ni ya kweli, umeme ungekwenda upande mmoja. Ulikwenda upande wa pili, kinyume kabisa na alivyotabiri.

Angeweza kusema kwamba chombo kimeharibika. Angeweza kungoja, au kunyamaza. Alikuwa na umri wa miaka 48, mtu wa sifa, na jina lake lilikuwa limefungamana na maelezo yale. Lakini aliyatangaza matokeo, akajiunga na upande aliokuwa akiupinga. Dale, mpinzani wake wa siku nyingi, alipoandika juu ya jambo hilo alimfananisha na Saulo katika njia ya Damasko.

Naomba mtazame yaliyofuata. Kukubali huko hakukumaliza kazi yake, ndiko kulikoifungua. Katika miaka iliyofuata, mjini Canberra, alichunguza ni ayoni zipi zinazopita katika utando seli inapoamshwa, na zipi inapotulizwa. Mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Alan Hodgkin na Andrew Huxley. Alikuwa pia mmoja wa wataalamu wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi, na mwaka 1964 wataalamu walikutana Vatikani kwa juma zima kuzungumza juu ya ubongo na ufahamu wa mtu. Yeye ndiye aliyekihariri kitabu cha mazungumzo hayo. Hadi kufa kwake mwaka 1997 alishikilia kwamba mtu ni zaidi ya seli zake.

Sasa turudi kwetu. Elimu ya watu kama Eccles imewasaidia waganga wa hospitali kuelewa maradhi ambayo seli za neva hufa polepole. Katika ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa na daktari Mwingereza wa jina hilo mwaka 1817, hufa seli fulani za ubongo zinazotengeneza dawa ya kupashana habari. Mikono hutetemeka na hatua huwa nzito. Katika ugonjwa wa Alzheimer, kumbukumbu hupotea, na tabia hubadilika. Nchini mwetu tunao pia konzo, ulioandikwa na daktari Trolli mwaka 1938 katika eneo la Kwango. Wenyewe Wayaka waliuita kwa neno lenye maana ya miguu iliyofungwa. Huo hautokani na uzee. Huwashika ghafla hasa watoto na akina mama, mahali ambapo watu hula mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha, tena bila chakula kingine cha kuutia mwili nguvu. Sumu ya muhogo huharibu neva, na miguu hukakamaa maisha yote.

Je, sisi tunasemaje tunapoona mambo hayo? Ninyi mnajua. Tunasema: amerogwa. Au, lililo baya zaidi: yeye ndiye mchawi.

Katika utume wangu nilimfahamu mama mmoja mzee aliyeanza kusahau. Aliwaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokufa. Usiku alitoka nje akitafuta nyumba ya utoto wake. Vijana wa jirani, waliobatizwa na kupokea kipaimara, walisema kwamba anazungumza na wafu na kutembea usiku kwa kazi ya giza. Muuguzi mmoja wa mtaa alieleza mara mbili kwamba huo ni ugonjwa wa ubongo. Kijana mmoja akanijibu mimi niliyekuwa karibu: “Mwalimu, kama si mchawi, kwa nini anakataa?” Nikamuuliza: “Na kama angekubali, ungesema nini?” Akanyamaza. Akikataa ni mchawi. Akikubali ni mchawi. Hayo ni maelezo yasiyoweza kubomolewa na chochote, na mtu akiingizwa ndani yake hana mlango wa kutokea. Mama yule alipelekwa kwa binti yake ng’ambo ya mlima, na huko alikufa. Waliokwenda kumzika walikuwa wachache.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Tunajua kutoka Injili ya Mtakatifu Yoane kwamba Yezu hakulipokea swali lile. Hakutafuta wa kulaumiwa, alimkaribia mgonjwa.

Sayansi bado haina dawa ya kuponya Parkinson wala Alzheimer, ingawa ziko zinazopunguza taabu. Konzo haiponi, lakini huzuiwa kwa kuloweka muhogo vizuri na kwa kula vyakula mbalimbali. Kuna kazi, basi, kwa kila mmoja wenu: mwenye kipaji cha masomo asome biolojia na kemia bila hofu kwamba atampoteza Mungu, asiye na kipaji hicho aketi na mzee anayesahau, amshike mkono, amjibu kwa upole hata akiuliza jambo moja mara kumi. Na sote, kabla hatujalirudia jina la mtu anayetajwa kuwa mchawi, tujiulize kama Eccles: ni jambo gani likionekana litanionyesha kwamba mimi ndiye niliyekosea? Tusipokuwa na jibu, tufunge midomo yetu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika mtaa wetu, ni mzee gani aliyeachwa peke yake kwa sababu ya ugonjwa asiouchagua? Nani atamtembelea juma hili?

2. Ni maelezo gani tunayoyashikilia kwa sababu tu tumekwisha kuyasema mbele ya watu?