Kasha Letu Lilipokwama Bandarini

Akina mama wenzangu, tuendapo sokoni hapa Bujumbura na kuuliza kwa nini bei ya kitambaa imepanda, mchuuzi hutujibu kwa neno moja tu: usafiri. Miaka mingi nililihesabu neno hilo kuwa kisingizio cha wauzaji. Nilikuja kulijua uzito wake mwaka 2010, na nililijua kwa hasara yangu mwenyewe.

Tulikuwa wanawake wanne wa Buyenzi, mafundi wa kushona. Mwaka 2009 tulichanga akiba zetu tukaagiza kutoka Dubai cherehani kumi na mbili pamoja na majora ya vitambaa. Mzigo wetu haukutosha kujaza kasha zima, kwa hiyo ulipakiwa pamoja na vigae vya mzee mmoja mfanyabiashara, jirani yetu, katika kontena moja la futi ishirini. Wasichana sita walikwisha kutulipa ada ya kujifunza ushonaji, na masomo yalikuwa yaanze Februari.

Kontena, kwa asiyelijua, ni sanduku la chuma tu. Ajabu yake ni kwamba vipimo vyake vimekubaliwa ulimwenguni kote, hata likitoka melini hukaa juu ya behewa au lori bila ya kufunguliwa. Aliyeianzisha kazi hiyo ni Mmarekani mwenye malori, Malcom McLean. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston na masanduku 58. Huko kwao leo garimoshi hubeba makontena mawili, moja juu ya jingine. Reli yetu ya Kati ni nyembamba, ya upana wa mita moja. Hata hivyo garimoshi moja lenye mabehewa ishirini hubeba shehena ambayo ingehitaji msururu mrefu wa malori, kila lori na dereva wake na mafuta yake. Ndiyo sababu tulichagua reli: kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kilomita zipatazo 1,250, kisha meli ya ziwani mpaka bandari yetu. Njia hiyo si ngeni kwa Burundi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa mkataba wa 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam, kwa ajili ya mizigo ya nchi hizi za ndani, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka.

Kasha letu lilishuka Dar es Salaam Desemba 2009. Mwisho wa mwezi ule mvua kubwa zilinyesha Kilosa, mto ukafurika, maji yakaisomba reli. Habari hizo nilizisikia redioni nikiwa napiga pasi, wala sikufikiri kuwa zinanihusu. Wiki mbili baadaye wakala wetu alipiga simu. "Mama, treni haziendi. Na siku za kukaa bandarini bila ya malipo zimekwisha."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kasha lililosimama hula pesa. Bandari hudai ada ya kuhifadhi. Mwenye meli naye hudai tozo kwa kila siku ambayo sanduku lake halijarudi. Na kurudi lazima lirudi! Burundi huagiza vingi kuliko inavyouza. Kahawa na chai yetu haijazi makontena yote yaingiayo, hivyo mengi hurejea baharini matupu, na gharama ya utupu huo humwangukia mwagizaji, naye humwangushia mnunuzi. Wakala, ambaye alijua tarehe zile tangu mwanzo, hakutuonya hata mara moja. Sitamtaja.

Njia iliyobaki ilikuwa barabara, kupitia Kabanga na Kobero, kwa bei iliyotushtua. Tena kasha halikuwa letu peke yetu. Vigae ni vizito. Kuvileta kwa lori kungemla yule mzee faida yote. Nilikwenda kwake jioni nikiwa nimejitayarisha kwa ugomvi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Binti yangu," akasema, "vigae vyangu haviozi. Cherehani zako nazo haziozi. Lakini wale watoto wanasubiri. Kasha lifunguliwe, kila mtu achukue chake."

Likafunguliwa ghalani mbele ya maofisa wa forodha, na gharama ya kulifungua akakubali tugawane. Lori tulililipa sisi. Wenzangu waliuza walichokuwa nacho. Mimi niliuza bangili za dhahabu alizoniachia mama. Cherehani zilifika Machi. Wasichana wawili walikuwa wamekwisha kudai ada zao na kuondoka, wanne walianza.

Vigae vilikuja miezi mingi baadaye, kwa treni na meli, na mzee alipata faida yake.

Januari 2025 ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza, Tanzania, mpaka Musongati, hapa Burundi. Nilifurahi, ingawa si kama walivyofurahi vijana. Musongati kuna nikeli, na nadhani nikeli ndiyo itakayopanda mabehewa kwanza. Lakini mabehewa yatakayoshuka na madini pwani yatapaswa kupanda tena na kitu, na behewa lenye mzigo wa kwenda na wa kurudi ndilo lenye nauli nafuu. Nimekwisha kumwambia binti yangu, ambaye sasa ndiye mwenye karakana, aulize mapema siku za bure bandarini ni ngapi, na jibu alipate kwa maandishi.

Bangili sikuzinunua nyingine. Cherehani tisa kati ya zile kumi na mbili zinashona hadi leo.