Shajara ya Maabara: Ujazo wa Gesi

Jumatatu, 10 Februari 2025

Leo Kidato cha Tatu wamepima gramu 0.252 za magadi soda. Uzito huo nimeuchagua makusudi. Moli moja ya sodiamu haidrojeni kabonati ni gramu 84, kwa hiyo kila kundi lilikuwa na moli 0.003 kwenye kikaratasi chake. Nusu ya darasa wakamimina siki juu ya unga huo. Nusu nyingine wakauchoma kwenye neli ya kioo. Gesi ikakusanywa kwenye sindano kubwa. Kabla hatujaanza nikawauliza: nani atapata gesi nyingi?

Wengi walisema zitalingana, maana unga ni uleule na uzito ni uleule. Upande wa siki, sindano zilisimama karibu na sentimita za ujazo 71. Upande wa moto tukasubiri neli zipoe, kwani hewa iliyopata joto hutanuka na kudanganya kipimo, zikasoma 36.

Binti mmoja wa kiti cha mbele akainua mkono: "Mwalimu, hiyo nyingine imekwenda wapi?"

Sikumjibu. Nikamwambia amimine siki kwenye ule unga mweupe uliobaki ndani ya neli iliyokwisha kupoa. Ukafoka tena, povu likapanda hadi mdomoni mwa neli, na darasa zima likasogea kutazama. Hapo ndipo nikaandika ubaoni:

2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂

Kwa moto, moli mbili za magadi soda hutoa moli moja tu ya kaboni dioksidi. Kaboni iliyosalia hubaki kwenye sodiamu kabonati. Kwa siki, kila moli moja hutoa moli moja. Ile 2 iliyo mwanzoni mwa mlinganyo wameiandika mara nyingi mno, leo wameiona.

Jumanne, 11 Februari

Hesabu ya jana tumeimalizia leo. Moli za gesi upande wa siki: 0.003. Karibu wote walizidisha kwa lita 22.4 bila hata kufikiri, wakapata sentimita za ujazo 67. Lakini sindano ilisoma 71. Gesi itazidije kile kilichokuwamo kwenye unga?

Kipimajoto cha ukutani kilikuwa kwenye nyuzi 30. Lita 22.4 ni ujazo wa moli moja kwenye nyuzi sifuri, na hapa Tanga nyuzi sifuri hakuna ila ndani ya friza. Tukabadilisha kwa kelvini: 22.4 × 303 ÷ 273, lita 24.9. Zidisha kwa 0.003, unapata takriban sentimita za ujazo 75. Sasa 71 inaeleweka, kwa sababu kaboni dioksidi kiasi fulani huyeyuka ndani ya siki yenyewe.

Avogadro alipoandika mwaka 1811 kwamba gesi zenye ujazo sawa huwa na idadi sawa ya chembe, aliweka sharti: halijoto iwe moja na kanieneo iwe moja. Alifariki 1856, na ni mwaka 1860 huko Karlsruhe ndipo Cannizzaro alipowashawishi wanakemia wengi kumsikiliza. Inaniuma kwamba vijana wetu hukariri namba na kuliacha sharti.

Alhamisi, 13 Februari

Kijana mmoja amesema babu yake alikuwa mchoma chokaa. Nimefurahi sana, maana pwani hii imejengwa kwa chokaa ya matumbawe tangu zama za kale. Tumelihesabu tanuri la babu. Chukua tani moja ya kalisi kabonati safi. Moli moja ni gramu 100, kwa hiyo tani ni moli 10,000. Kila moli hutoa moli moja ya gesi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Chokaa inayobaki ni kilo 560. Kilo 440 zimepaa. Gesi hiyo ikipoa hadi nyuzi 30 itachukua mita za ujazo 249. Wakapima darasa letu kwa futi kamba: mita 9 kwa 7 kwa 3, yaani 189. Gesi ya tani moja ya mawe inalijaza darasa na kufurika nje, na moshi wa kuni bado hatujauhesabu. Viwanda vya saruji huunguza mawe ya chokaa vilevile, kwa maelfu ya tani.

Nimewaambia pia kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mahali pa chini. Kandokando ya Goma hutoka ardhini na kutuama mabondeni. Wenyeji huiita mazuku, nayo imeua watu na mifugo. Anayelala karibu na shimo la tanuri linalowaka anahatarisha maisha yake.

Jumapili, 16 Februari

Natunga zoezi la wiki. Nimelifuta swali la kwanza nikaliandika upya, likitaja nyuzi 30 na kanieneo ya usawa wa bahari. Nimeacha pia nafasi ya mlinganyo, waulinganishe wenyewe kabla ya kugusa kikokotoo. Utaratibu ninaoutaka ni huu: gramu ziwe moli, moli zipite kwenye mlinganyo, ujazo uje mwisho. Swali la ujazo wa gesi lisilotaja halijoto wala kanieneo halijakamilika, na mwanafunzi ana haki ya kumrudishia mwalimu wake.